Aliyemshikia Nyota Nafasi

Mshika nafasi wetu hakuacha kamwe kupangusa sakafu kwa kiatu kabla ya kumpisha rafiki yake, nyota wa tamthilia yetu ya vichekesho. Kazi yake pale studioni mjini Burbank ilikuwa kumshikia nafasi mbele ya kamera wakati mafundi wakipanga taa. Siku alipopewa hatimaye sentensi moja ya kusema, mimi, mpambaji wao, nilimpaka poda huku akiirudia rudia. Nyota naye, kwa furaha, alicheka na kuharibu kila tulichorekodi.

“Funga mdomo, bwege wewe! Mama ameshawaalika majirani waje kunisikia!” mshika nafasi akamfokea.

Kipindi kiliporushwa, sentensi ilikuwa imekatwa. Kwenye picha lilibaki bega lake tu. Nilimpigia simu kumpa pole.

“Usihuzunike, dada,” akaniambia. “Mama alilitambua bega langu, majirani wakapiga makofi.”