Koti Lililokosa Mwenyewe

Juzi sokoni Tukuyu, mvua ikinyesha, muuza mitumba alikuwa akinadi: "Sekendihendi! Makoti ya baridi!"

Mama mmoja mzee kutoka Kisondela alilipapasa koti moja zito, kisha akamkazia macho muuzaji.

"Mume wangu anakohoa, hapati usingizi. Aliyelivaa hili yuko hai?"

"Mama, limetoka Ulaya."

"Kwani huko hawafi? Huku nguo za marehemu zinagawiwa na ukoo. Hili limegawiwa na nani?"

Mikono yote iliyokuwa ikichambua nguo ikasimama. Dada mmoja akaiachia blauzi polepole. Muuzaji akavua koti lake mwenyewe, lile tulilomzoea nalo.

"Aliyelivaa hili unamwona."

Mama akalinusa, akalipa, akaondoka nalo.

Zamani sekendihendi ilikuwa baiskeli ya jirani; ikikusumbua, unajua pa kwenda kulalamika. Siku hizi, tangu kila kitu cha nje kiwe ruksa, neno hilohilo linauza mpaka magari, na jirani hayumo.

Muuzaji alishinda na shati, akitetemeka. Lile koti la Ulaya lilining'inia kando yake mpaka jioni. Hakuligusa.