Kilemba cha mpishi wa shule

Mpishi wa shule alikuwa na maneno mengi kuliko sufuria zake, na aliyamwaga yote kwa msusi wake. Lakini kwa miezi mitatu sasa alikuwa akipita na kilemba, akidai ana haraka. Leo msusi alimdaka mlangoni pa saluni.

“Shoga, umenihama, au umeota upara?”

Mpishi alicheka, akaketi. Kilemba kilipofunguka, kicheko kikakatika. Juu ya sikio nywele zilikuwa zimenyofolewa, ngozi bado mbichi.

“Dawa ya nywele imeniunguza,” aliwahi kusema.

“Dawa gani hiyo yenye kucha?”

Mpishi aliinama. Mume wa kumsingizia hakuwapo tena, na marehemu hakuwahi kukemea hata kuku. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na binti yake.

“Nikimtaja, watu watasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.”

Msusi alipiga magoti mbele yake. “Binti yako nilianza kumsuka ana miaka minne. Kila nikivuta uzi, ulimpa mikono yako aifinye asilie. Ulezi wako niliuona kwa macho yangu. Wakisema, waje kwangu.”

Hapo mpishi alilia, akasimulia yote, tangu kofi la kwanza.

“Leo unalala kwangu,” msusi alisema. “Kesho tutakwenda kwa kaka yako, tukamweleze sote wawili. Hutarudi kule peke yako.”

Mpishi aliitikia kwa kichwa. Msusi akachukua kitana, akaanza kusuka mbali na kidonda, taratibu, na mpishi akashika pindo la gauni la msusi.