Nilivyomsalimia Baba Mukwe na Kushoto

Municheke, lakini pole pole. Nilikuwa napaka samaki wangu wa mti, chambo chenye ndoano tumboni, gundi ya kuchanganya chupa mbili, inayokauka na kung'aa kama kioo. Nilimgeuzageuza kwa vidole ili gundi isichuruzike, mpaka vidole vya kuume vikagandana naye. Papo hapo baba mukwe akaingia, kanzu nyeupe, mkono mbele. Kwake, kuchonga samaki ni michezo ya watoto. Nikaficha mkono wa kuume mgongoni, nikampa wa kushoto.

"Mukwe, kushoto? Nimekukosea nini?"

Akageuka kwenda zake. Kwa woga nikamshika kanzu, na mkono uleule wa samaki.

Mzee akatazama ndoano iliyonasa kwenye kanzu yake, akamwita mke wangu, binti yake: "Mama, kuja uone! Bwana yako iko ananivuta kama samaki."