Maua ya Midomo na Baridi ya Bowie

Jumamosi nilipita kwa mama huko Bowie, Marekani, nikamkuta na reki, anakwangua majani makavu kutoka kwenye bustani ya mbele. Novemba hii, baridi ndiyo inaingia. Rafiki yangu, nilikasirika nikasahau hata kumwamkia. Miaka yote hii, na mama bado hasikii.

Ngoja nikueleze. Nilipokuwa mdogo, nyanya alikuja kutoka Kenya kutulea, maana mama alikuwa nesi wa zamu za usiku. Viza ya nyanya ilikuwa ya miezi sita. Alipofika tu alipanda maua yanayoitwa snapdragon kando ya ngazi. Yeye aliyaita maua ya midomo, kwa sababu ukilibana ua mashavuni linafungua kinywa. Jioni, chapati zikiwa zimefunikwa kitambaa, alikuwa akinichezea: ua moja linaomba chai, jingine linakataa. Nilicheka hadi nikapaliwa.

Jirani yetu, bibi mmoja Mmarekani, alituambia baridi haiyaui maua hayo. Yakatwe nusu, yafunikwe majani makavu, kisha yaachwe. Nyanya alipokuwa anaondoka aliniambia, "Yatunze. Nikirudi niyakute."

Shida ilikuwa mama. Kwetu uwanja hufagiliwa kila asubuhi, na uwanja wenye majani ni wa watu wavivu. Mimi nafunika, yeye akitoka kazini anafagia. "Unataka watu waseme hii nyumba haina mwenyewe?" Narudisha majani kwa mikono, vidole vimekufa ganzi, kesho yake udongo uko wazi tena. Nililia kwa hasira. Kichwani mwangu, yakifa hayo maua, nyanya hatakuwa na sababu ya kurudi.

Hayakufa. Maji yaliganda ndooni, theluji ikalala juu ya maua, na bado Aprili yalichipuka kwenye mashina yale yale. Mei yakafungua midomo.

Aliyekwama ni nyanya. Aliomba viza tena akanyimwa, akaomba mara nyingine akanyimwa. Nilimpigia simu nikamwambia maua yake yamechanua. Aliuliza ni ya rangi gani, nikamtajia zote.

Sasa nyanya ametangulia, jirani aliuza nyumba akahama, na watu mtaani wanayang'oa maua hayo baridi ya kwanza ikipiga, eti yamekwisha. Inaniuma. Mimi niliyatunza kama nilivyoagizwa, nayo yakavumilia kuliko tulivyotarajia, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani.