Tango Lililoingia Sufuriani

Enzi zetu, sisi watoto wa Molo, chakula kilikuwa kile tu kilichopita motoni. Viazi, mahindi, maharagwe na kabichi vilichemshwa mpaka kuta za jikoni zikatoa jasho, huku nje ukungu ukiwa mzito kama blanketi. "Kibichi ni cha mbuzi," Mama alisema, nasi hatukubishana naye. Siku hizi mtoto hudai kwanza aelezwe sababu.

Msimu mmoja mdogo wangu, Nyokabi, aliugua homa. Dawa ya zahanati iliishusha, lakini hamu ya chakula haikurudi. Uji aliugeuzia kisogo, maziwa vivyo hivyo. Mikono yake ikawa myembamba kama njiti za kiberiti, na Mama akaacha kuimba jikoni.

Ndipo shangazi yetu, dada yake Baba, aliyelima mboga kule chini Rongai kwenye joto, akatuletea kikapu cha matango. Hatukuwa tumeyaona kamwe. Mama aliyamenya, akayakatakata, akayatia sufuriani pamoja na viazi, akachochea moto kwa bidii. Alipofunua, viazi vilikuwa vikiogelea. Shangazi alichungulia, akajizuia kucheka, akashindwa.

"Wifi, leo umepika maji."

Kisha akachukua tango lililosalia kikapuni, akaliosha, akalikata pamoja na ganda lake, akalinyunyizia chumvi kidogo, akampa Nyokabi kipande. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Tulisikia kutafuna. Nyokabi akanyoosha mkono, akaomba kingine.

Mama alitutazama sote. "Mpeni," akasema. "Lakini fungeni dirisha kwanza, majirani wasituone."

Jioni ile Nyokabi alikunywa uji.

Mjukuu wangu anayeniandikia haya anasoma chuoni Njoro. Ananiambia kwamba tango karibu lote ni maji, sukari yake ni haba, ganda lake lina nyuzinyuzi zinazosaidia choo kuwa laini, tena lina vitamini K inayofaa damu na mifupa. Sikatai. Hata hivyo, yeye mwenyewe hukata vipande viwili, akavibandika machoni, akalala chali kama maiti, ati ngozi ing'ae. Nimemwagiza aliandike na hilo, wala asilipunguze.

Leo matango yamejaa sokoni Nakuru, na hakuna anayeyashangaa. Watu huyala wakitazama simu, bila kujua wanatafuna nini. Mama alikwisha kutuacha, na shangazi pia. Nyokabi sasa ni bibi mwenye wajukuu wake. Anaponitembelea, humkatia tango na ganda lake, nikalinyunyizia chumvi. Yeye hushika kipande mkononi, akaniangalia, akangoja. Nami huinuka polepole, magoti yakilalamika, nikaenda kufunga dirisha.