Nilimfukuza Mtani Wangu kwa Sababu ya Gemu

Walisema mtu wa Newala hawezi kufungua chumba cha magemu ya kompyuta Masasi kikafika hata msimu mmoja wa korosho. Nilikifungua, na kikafika! Nilirudi kutoka Dar na diploma ya biashara, kompyuta mbili na jenereta, vyote kwa jasho langu na mikopo ya walioniamini. Kwa hilo sina aibu. Aibu yangu ni nilivyomtendea Bakari, na kosa ni langu peke yangu.

Bakari ni Myao, mimi Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu. Tena ni rika langu. Aliuza baiskeli yake akanikopesha fedha, na kila asubuhi aliingia akinitukana: "Mmakonde wee, umeamka? Nilidhani madeni yamekuua!"

Gemu lililopendwa lilikuwa la kupanga vita. Unalima, unachimba dhahabu, unalisha askari, unamzingira adui, ambaye ni kompyuta yenyewe. Mimi nililisifia kama mwanangu. Bakari aliliponda mbele ya wateja.

"Jamani, njooni muone wizi! Nimechoma mashamba yake yote, nimeteka machimbo, bado askari wanatoka. Wanakula nini hawa, hewa?"

Watu walicheka hadi wakashika matumbo. Mimi sikucheka.

"Hujui kupanga," nikamwambia. "Hili ni gemu la wenye akili."

"Basi wewe mwenye diploma mbona hulichezi?"

Lo, ilinichoma! Nikaanza kumchunguza. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda la video, na mwenye banda hakunipenda. Siku moja nikamwona Bakari amekaa naye, wananong'ona na kucheka. Nikasema moyoni, katumwa huyu, anifukuzie wateja. Hata ile fedha ya baiskeli nikaanza kuitilia shaka. Kwa nini aliitoa upesi vile?

Kesho yake, alipoanza tena na askari wake wa hewa, nikamzimia kompyuta akiwa katikati ya mchezo. Chumba kimejaa watu.

"Umetumwa! Toka! Utani na wewe umekwisha leo!"

Alisubiri nicheke. Alipoona sicheki, akavaa kandambili zake akatoka.

Jamani! Kumbe wengi walikuwa wakija kumsikiliza yeye. Wakapungua. Jumapili moja chumba kikiwa kitupu, nikakaa nikalicheza mwenyewe. Nikachoma mashamba ya adui. Nikateka machimbo. Askari wakaendelea kutoka, wazima, wameshiba! Kompyuta ilikuwa inajipa bure kile ambacho sisi tunakitafuta kwa shida. Bakari alisema kweli.

Ilinipasa kwenda kwake siku ileile. Sikwenda. Bado nilikuwa najiuliza walinong'ona nini pale bandani. Mpaka leo sijui.

Msimu wa korosho ukafika, vijana wakapata fedha, chumba kikajaa tena. Nikawalipa wote walionikopesha, wote! Bakari nilimweka wa mwisho makusudi. Nikampa fedha yake mkononi, nikabaki nimesimama, nangoja anitukane kama zamani.

Akaitia mfukoni bila kuitazama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi," akasema, akaenda zake.

Shikamoo! Mtani wangu, rika langu!

Wewe unayesoma, kama una mtani anayeponda kitu chako, cheka naye, kisha nenda ukakikague. Usingoje siku atakayoanza kukuheshimu.