Mikono Juu ya Kichwa cha Mbuzi

Raymond alikuwa katekista wa kigango katika kambi moja ya zamani ya mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Babu yake alikuja kukata mkonge akitokea Kigoma, akazikwa hapo hapo, na Raymond hakujua kwao kwingine. Siku za juma alilima mahindi na kuziba pancha za baiskeli. Jumapili ambazo padri hakufika, na zilikuwa nyingi, yeye ndiye aliyeongoza ibada. Watu walimpenda kwa jinsi alivyoweza kulichukua neno gumu la Agano la Kale akalisimulia kama habari ya jana.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, watoto watatu wa kambini walikufa kwa kuhara ndani ya mwezi mmoja. Wa tatu alikuwa Salome, binti yake Raymond mwenyewe, wa miaka minne.

Hapo kambini aliishi mjane aliyeitwa Grasiana, mkunga wa jadi aliyewapokea nusu ya watu wa pale walipozaliwa. Salome alipoanza kulegea, Grasiana alipita kumwona. Alimfinya ngozi ya tumbo, akaona imebaki imesimama, dalili ya kuishiwa maji mwilini, akamwambia Raymond, "Mpeleke hospitali leo. Usingoje kesho."

Rhoda, mkewe Raymond, alikuwa kisimani, hakusikia. Mchana ule Raymond alikuwa na vijana wa kipaimara wakimsubiri. Akasema moyoni kwamba atampeleka alfajiri. Alfajiri haikumkuta mtoto.

Baada ya matanga maneno yakaanza. Watu wakasema Grasiana aliwashika watoto wote watatu kabla hawajafa. Ni kweli aliwashika, kwa sababu hakuna mtoto aliyeugua pale asiende kumwona. Raymond alilijua hilo, akanyamaza.

Kwaresima ikafika. Jumapili moja akasoma Kitabu cha Walawi, sura ya kumi na sita: kuhani anaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi hai, anaungama juu yake maovu yote ya watu, kisha mbuzi anapelekwa jangwani kwa Azazeli. Raymond akalieleza jangwa hilo, nchi kame ambayo watu wa kale waliihofu kuwa makao ya mashetani, mpaka kina mama wakavuta khanga mabegani. Halafu akasema kwamba kila kambi ina mbuzi wake, na dhambi haitoki mpaka mbuzi atoke. Hakutaja jina. Ila maneno hayo yalipomtoka alitazama benchi la tatu, karibu na dirisha, alipokaa Grasiana. Macho ya watu yakayafuata yake.

Kufikia Jumatano jiko la Grasiana lilikuwa limebomolewa. Jumamosi alibeba godoro na sufuria, akaenda Misima, kule Handeni, kwa Zamda, mtoto wa dada yake aliyeolewa huko.

Mwezi ule ule watu wa afya walikuja wakakifunga kisima, maana maji ya choo yalikuwa yakipenya ndani yake. Vifo vikakoma. Watu wakasema si kisima, ni yule bibi ameondoka, na jina la Raymond likazidi kukua.

Ikapita miaka sita. Makatekista wakaitwa semina Mombo, na aliyefundisha alikuwa sista mmoja mpole wa sauti, aliyesomea Maandiko. Alipofika sura ile ile, Raymond alikaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyeingia shambani kwake. Sista akasema watu husahau mambo mawili. Mbuzi yule hakushtakiwa kosa lolote. Alichaguliwa kwa kura, na mzigo aliobeba ulikuwa wa watu wengine. Na kuhani, kabla hajamgusa, alikuwa amekwisha kuchinja fahali kwa dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. "Hakuruhusiwa kumbebesha mbuzi kitu ambacho yeye hajakikiri kwanza," akasema.

Raymond alitazama mikono yake. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki amekaa. Miaka yote ile alikuwa akijiambia kwamba hakumtaja mtu.

Hakurudi nyumbani. Alipanda gari la Segera, akaunganisha mpaka Handeni, na kesho yake akawa Misima. Alimkuta Grasiana uani akipukuchua mahindi, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Raymond. Kaa."

Akakaa chini, akaeleza yote bila kujitetea: alivyoambiwa leo akasema kesho, na alivyoshindwa kuubeba mzigo huo akautafutia kichwa cha kuutua. Grasiana hakuacha kupukuchua.

"Nilikuona ulivyonitazama," alisema baadaye. "Nikajua unanitazama kwa sababu ya ile siku. Ni mimi tu niliyejua kwamba nilikwambia leo."

Raymond akaomba msamaha. Bibi akauliza, "Rhoda anajua?"

"Hajui."

"Basi hujaanza. Nenda kaanze."

Alipofika kwake alimwambia Rhoda yote wakiwa wameketi mlangoni, jua halijazama bado. Rhoda aliuliza swali moja tu, kama kweli Grasiana alisema mtoto apelekwe siku ile ile. Alipojibiwa, alinyanyuka, akaingia ndani, na kwa wiki mbili hakumsemesha.

Jumapili iliyofuata Raymond alisimama mbele ya watu akayarudia yote aliyomwambia Rhoda, kisha akaweka ufunguo wa kanisa mezani. Mzee Dominiko, mwenyekiti wa kigango, alilia waziwazi, maana ndiye aliyeanza kubomoa lile jiko. Wengine walitoka kabla hajamaliza, wakisema bibi amemroga hata katekista.

Wako waliofunga safari kwenda Misima kuomba radhi, mmoja mmoja. Grasiana aliwapokea, akawapa maji ya kunywa, lakini kurudi kambini alikataa. Alisema amechoka kutazamwa.

Siku hizi Raymond huketi benchi la nyuma, na Rhoda huketi mbele pamoja na kina mama. Wanarudi nyumbani pamoja. Kuna siku wanazungumza njiani, na kuna siku Rhoda hutangulia hatua chache, naye Raymond hajaribu kumfikia.